Chumvi ya Katwe na Hesabu ya Chumvi Mbadala

Ziwa Katwe, kusini mwa mji wa Kasese nchini Uganda, limo ndani ya kreta ya volkano. Chemchemi huliletea madini na hakuna mto unaotoka humo, hivyo jua hukausha maji na chumvi ikabaki. Wanaume hung'oa mabonge sakafuni mwa ziwa kwa mitaimbo. Kandokando yake familia humiliki madimbwi yenye kingo za udongo, na humo ndimo hutoka chumvi safi zaidi. Mvua moja kubwa yatosha kuharibu mavuno.

Chumvi hiyo ilikuwa hazina ya kugombewa. Mfalme Kabalega wa Bunyoro aliitawala, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard alijenga ngome hapo Katwe alipokuwa akimrudisha Kasagama katika ufalme wa Toro. Wakonzo wa vilima vya Rwenzori walishuka na vyakula, wakapanda na chumvi. Kitu cha kubebwa umbali huo hakitiwi chunguni ovyo.

Kiwanda kilichojengwa na Wajerumani miaka ya 1970 hakikudumu, kwani maji ya ziwa yalikula mabomba yake. Chumvi ya bahari kutoka Kenya ikashika soko. Katika miaka ya 1990 serikali ikataka chumvi ya mezani itiwe madini joto, na ile ya Katwe, isiyotiwa, ikazidi kuwa ya mifugo.

Leo chumvi ni rahisi hadi madukani Nyakalengija, kijiji cha chini ya Rwenzori, na presha nayo imo vijijini: uchunguzi wa kitaifa wa 2014 uliikuta kwa zaidi ya robo ya watu wazima wa Uganda. Chumvi mbadala, ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa kwa potasiamu, ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14 katika utafiti wa vijiji 600 vya China uliotangazwa 2021. Kijijini, ambako chumvi nyingi hutiwa jikoni, kubadili pakiti ni kubadili karibu kila kitu.

Kikwazo ni bei. Anayelipa zaidi dukani ni mama wa nyumba, leo. Anayeokoa ni hospitali, miaka mingi baadaye. Soko peke yake halitaziba pengo hilo. Madini joto yalienea kwa sheria, si kwa hiari ya mnunuzi, na potasiamu nayo itahitaji nafuu ya kodi au ruzuku. Tena Shirika la Afya Duniani, lilipopendekeza chumvi mbadala 2025, liliwatenga wagonjwa wa figo, wajawazito na watoto. Gharama ya kupima figo lazima iingie katika hesabu hiyo.