Riwaya ya Kijasusi Mbele ya Kioo: Nani Anasimulia, na kwa Kiswahili Gani?



1.0 Utangulizi

Naomba nianzie Issuna, kijiji kilichopo kando ya barabara itokayo Manyoni kwenda Singida, ambako nilizaliwa. Huko ndiko nilikokutana kwa mara ya kwanza na Kufa na Kupona, riwaya ya Elvis Musiba iliyochapishwa mwaka 1974. Sikuisoma, nilisomewa. Baba yangu mdogo aliisoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, kwa mwanga wa koroboi, na bibi aliyekuwa haelewi vizuri Kiswahili alifasiriwa kwa Kinyaturu. Nakala hiyo ilikwisha kupita mikononi mwa watu wengi, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimenyofoka. Alipofika hapo baba mdogo hakusita. Aliendelea kusimulia hadi mwisho. Miaka mingi baadaye nilipopata nakala kamili, niligundua kwamba mwisho nilioujua ulikuwa wake, si wa Musiba.

Kisa hicho ndicho kinachoniongoza katika mada ya leo: kuigeuza riwaya ya kijasusi na kivita kuwa tamthilia ya televisheni. Hoja yangu ni kwamba ugumu wa kazi hiyo katika Kiswahili hautokani na bunduki wala magari. Unatokana na maswali mawili ya lugha: nani anasimulia, na wahusika wanasema Kiswahili gani.

2.0 Kitabu bila Kioo

Kufa na Kupona inahusu nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilizoibwa Dar es Salaam. Mpelelezi Willy Gamba anazifuatilia hadi Nairobi. Kamati hiyo haikuwa ya kubuni. Ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963 hadi 1994. Wapiganaji wa kusini mwa Afrika nao walikuwa na kambi Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma. Kwa hiyo, wahakiki walipoziweka kazi za aina hii katika fungu la riwaya pendwa na kuzihesabu kuwa burudani tu, walisahau kwamba msomaji wa Singida aliziona zikigusa vita vilivyokuwa karibu naye.

Riwaya hiyo ilitoka wakati Tanzania Bara haina televisheni. Zanzibar ilizindua yake mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi vituo vya binafsi, kikiwamo ITV, vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Kwa miaka ishirini, basi, Willy Gamba aliishi katika karatasi na katika vinywa vya watu. Filamu za video zilipoenea, sauti ya msimulizi haikunyamaza. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akieleza, akitania na kuongeza yake, na watazamaji wakamfuata yeye kama walivyoifuata picha. Alifanya mbele ya kioo kile alichofanya baba mdogo mbele ya koroboi.

3.0 Nani Anasimulia?

Kufa na Kupona imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Tunayaona mambo kwa macho ya Gamba, na shaka zake tunazisikia kabla hajatenda. Ukiondoa sauti hiyo, unabaki na mtu anayeingia hotelini, anayepiga simu, anayepigana. Hapo ndipo tamthilia nyingi za ujasusi hufia.

Mfano wa kujifunzia upo. Mwaka huohuo wa 1973, televisheni ya Kisovieti ilionyesha tamthilia ya sehemu 12 iliyoongozwa na Tatyana Lioznova, kutokana na riwaya ya Yulian Semyonov kuhusu Stirlitz, jasusi aliyejipenyeza katika kikosi cha SS cha Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Semyonov mwenyewe aliandika muswada wa tamthilia hiyo. Mara nyingi Stirlitz huonekana amekaa kimya, na sauti ya msimulizi asiyeonekana ndiyo inayotueleza anachokiwaza. Wapo wanaosema sauti ya namna hiyo ni mkongojo wa mwongozaji asiyejua kutumia picha. Kwa hadhira iliyolelewa na wasimulizi, mimi naiona kuwa urithi.

4.0 Kiswahili Gani?

Katika kurasa za riwaya, Kiswahili sanifu huwafunika wahusika wote. Gamba wa Dar es Salaam na watu anaokutana nao Nairobi huweza kusema lugha moja, na msomaji asione kasoro. Katika Kikosi cha Kisasi mambo yanahamia Kinshasa, mji wa Kilingala na Kifaransa, na bado tunasoma Kiswahili. Jicho husamehe, sikio halisamehi. Mwigizaji anapofungua kinywa, mtazamaji hujua mara moja anakotoka. Jeshini pia kuna lugha yake: "afande" haiwezi kubadilishwa kuwa "bwana" bila kuvunja uhusiano wa watu wawili.

Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999, kuwa filamu mwaka 2021, alikuwa na bahati kwamba hadithi ya Yasmin na Denge imekita Unguja. Anayetaka kumpeleka Gamba katika televisheni hana bahati hiyo. Itambidi atafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili.

5.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, kazi hiyo haiwezi kuachiwa wapiga picha peke yao. Inahitaji wanaisimu wajuao lahaja, wanafasihi wajuao usimulizi, na wanahistoria watakaohakikisha kwamba ukombozi haugeuki pazia la nyuma la milio ya risasi. Vijana wa leo hawakuiona Kamati ya Ukombozi. Wakipewa Gamba asiye na sababu ya kupigana, watakuwa wamepewa kitabu kilichonyofolewa kurasa, na safari hii hatakuwapo baba mdogo wa kuzijazia.