Bolti, Stadi na Injini Zilizolala

Nilipoacha uhandisi mwaka wa pili, nilibaki na pesa ambazo hazikutosha karo. Zilitosha Impreza ya turbo iliyochemka hadi gasketi ya hedi ikaungua, ikaachwa nyuma ya gereji moja Kitengela. Mpango ulikuwa niifufue, niiongeze nguvu, niiuze, nirudi chuo. Hesabu ikakwama kwenye vyuma kumi na viwili vinavyobana hedi mbili kwenye bloku. Nirudishie bolti za kampuni ama ninunue stadi?

Bolti huzungushwa ndani ya bloku yenyewe. Ukiikaza inavutwa na kusokotwa kwa wakati mmoja, na meno ya alumini ndiyo yanaumia. Stadi ina meno pande zote mbili. Unaiingiza kwa mkono, inatulia, halafu unakaza nati juu yake. Mvutano unakuwa sawa zaidi. Ndiyo maana watu wa turbo huapa kwa stadi.

Fundi alinicheka. "Kijana, unafikiri hii stori ni ya juzi? Uliza Volks."

Nikaenda kusoma. Safari Rally ilianza 1953 kama Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiwa na Volkswagen Beetle. Beetle ikarudia 1957 na 1962. Miaka mingi baadaye ikaja zamu ya Subaru: Colin McRae 1997, Richard Burns 2000. Magari hayo yanafanana kwa kitu kimoja. Injini zake zimelala, pistoni zinarusha ngumi kushoto na kulia.

Volks ilikuwa na stadi 16 ndefu, zenye unene wa milimita 10, zilizoshikwa na bloku ya magnesi. Injini ilipopata moto, magnesi na alumini zilitanuka karibu mara mbili ya chuma. Stadi nene ikakataa kunyumbulika, na kitu dhaifu ndicho kilichoachia: meno ya bloku yakang'oka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ikabadilisha. Usidhani waliweka stadi nene zaidi. Waliweka za milimita 8, na bushi za chuma ndani ya bloku. Stadi nyembamba hunyooka kidogo na kurudi, kama mpira wa manati.

Hapo ndipo nilielewa nilikuwa nauliza swali vibaya. Nilikuwa natafuta chuma kigumu, na hedi hubanwa na mvutano wa chuma kinachonyumbulika bila kulegea. Subaru walijua hivyo walipotoa injini ya EJ mwaka 1989. Maelekezo yao ya kukaza yanachosha: kaza, legeza, kaza tena, kisha malizia kwa kuhesabu digrii za mzunguko, kwa sababu digrii zinakuambia bolti imenyooka kiasi gani.

Na kuna jambo lingine. Kwenye injini iliyolala, hedi inatoka kwa ubavu. Ukiweka stadi, lazima hedi iteleze urefu wake wote, na bodi ya gari iko hapo imezuia. Kila ukitaka kufungua, injini yote inashuka. Kwa gari la mashindano lenye turbo iliyopandishwa sana, hiyo ni bei ya haki. Kwangu mimi?

Niliacha kuongeza nguvu. Nikanunua bolti mpya za kampuni, na pesa ya stadi ikaenda kusawazisha hedi na kununua rejeta mpya. Fundi alikaza, mimi nikihesabu digrii kwa sauti, kama mtoto wa nasari.

Tukaijaribu barabara ya Namanga, Isinya hadi Kajiado na kurudi, jua la saa nane. Mshale wa joto haukusonga. Mnunuzi akiuliza kama ina stadi, nitamwambia haina, halafu nimpe stori ya Volks.