Inayozunguka na Inayotenguka

Mwalimu wa Jiografia akiuliza mzunguko wa Dunia huchukua muda gani, mwanafunzi anayejibu saa 24 amepata, na anayejibu siku 365 na robo amepata vilevile. Kasoro iko kwenye swali. Neno mzunguko limebebeshwa miendo miwili ambayo Kiingereza cha sayansi huipa vitenzi viwili, "rotate" na "revolve", na mtunzi wa kitabu mwenye haraka ameona nomino moja inatosha.

Kinachotofautisha vitenzi hivyo ni mahali ulipo mhimili. "Rotate" ni mwendo wa pangaboi au pia ya mtoto: mhimili unapita katikati ya kitu chenyewe, nacho kinazunguka palepale. "Revolve" ni kukizunguka kitu kingine kilicho nje. Dunia hufanya yote mawili kwa wakati mmoja. La kwanza hulimaliza kwa saa 23 na dakika 56 ukiipima kwa nyota, au saa 24 ukiipima kwa Jua. La pili kwa siku 365 na karibu robo.

Anayedhani huu ni uchambuzi wa kupoteza muda na aueleze Mwezi. Mwezi huchukua siku 27.3 kuizunguka Dunia, na siku hizohizo 27.3 kuzunguka kwenye mhimili wake, ndiyo maana tangu enzi za mababu tunaona uso wake mmoja tu. Sasa liandike hilo kwa nomino moja: mzunguko wa Mwezi una urefu sawa na mzunguko wake. Hapo hujasema kitu. Kwa sayari ya Zuhura mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa huchukua siku 243 za Dunia kuzunguka kwenye mhimili wake mara moja, lakini siku 225 tu kulizunguka Jua.

Wenye Kiingereza chao nao si malaika. Mlango wa hotelini unaozunguka kwenye nguzo yake wenyewe wanauita wa "kurevolve", na bastola ya revolva imepata jina kwa silinda ya risasi inayozunguka kwenye mhimili wake. Mpaka kati ya vitenzi hivyo unalindwa na wanasayansi, mtaani hakuna anayeujali. Kwa hiyo tusijione maskini wa lugha.

Dawa tunayo, nayo imo katika sarufi. Dunia huzunguka kwenye mhimili wake. Dunia hulizunguka Jua. Kile kiambishi -li- kimemaliza kazi ambayo Kiingereza kimeiundia kitenzi kizima: kikiwepo kiambishi cha yambwa, kuna kitu kinachozungukwa, na kisipokuwepo, mwendo ni wa palepale. Baadhi ya waandishi hupenda "hujizungusha". Si kosa, ila humfanya mtoto adhani Dunia ina injini inayoisukuma, ilhali inaendelea tu na mwendo iliozaliwa nao kwa kuwa hakuna kinachoizuia kwa nguvu ya kutosha. Tatizo huanza tunapokimbilia nomino, kwa sababu nomino humeza kiambishi. Basi kichwa cha sura kiwe "Dunia kuzunguka kwenye mhimili wake", hata kama ni kirefu. Mzunguko tuuachie damu, fedha, maji na kilimo cha kubadilisha mazao, ambako hakuna anayepotea.

Mzizi wa Kilatini uliokipa Kiingereza "revolve" ndio uliokipa pia "revolution". Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543, neno hilo katika jina lake la Kilatini lilihusu mizunguko ya magimba ya angani na halikugusa ufalme wa mtu. Baadaye likahamia kwenye siasa. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kilichotokea Unguja tarehe 12 Januari 1964 ni Mapinduzi, kutoka pindua, kitenzi cha mashua iliyogeuka chini juu. Kinachozunguka hurudi kilikoanzia, kilichopinduliwa hakirudi, na naona hapa tafsiri imeushinda usemi wa asili.

Pindua inatuvusha hadi kundi la pili la vitenzi vinavyochanganywa. Ile -u- yake ndiyo inayosikika katika fungua, zibua, tegua na kunjua. Wanasarufi huiita kauli ya kutendua. Imo pia katika tengua na tangua, vitenzi tunavyovihitaji Kiingereza kinapotumwagia "cancel", "annul", "revoke", "repeal" na "rescind". Kwa bahati mbaya vyote hivyo vimetupwa kapu moja: futa. Tunafuta leseni, tunafuta sheria, tunafuta safari, tunafuta uchaguzi.

"Cancel" yenyewe ina asili ya kuvutia. Inatokana na neno la Kilatini la uzio wa fito zilizopishana, kwa sababu karani aliyetaka kuondoa maandishi aliyachora mistari ya kukatana juu yake. Maandishi yalibaki yakisomeka, ila hayakuwa na nguvu tena. Kufuta ni kupangusa mpaka pabaki peupe. Katika sheria peupe ni nadra kupatikana, na hapo ndipo futa inapopwaya.

Swali la kujiuliza kabla ya kuchagua kitenzi ni hili: jambo limekufa kuanzia lini? Rais wa Tanzania akitengua uteuzi wa mkuu wa wilaya, cheo kinakoma siku ile, lakini nyaraka alizosaini kihalali mwezi uliopita zinabaki na nguvu. Waislamu wanaijua kanuni hii bila kufundishwa sheria: udhu ukitenguka baada ya sala ya adhuhuri, sala ile haidaiwi tena, kwa sababu ilisaliwa udhu ukiwepo. Kubatilisha huenda mbali zaidi, hadi kwenye chimbuko, na kusema jambo halikuwa na uhalali tangu mwanzo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatofautisha mambo haya kwa makini. Ndoa ya mwanamume na dada yake ni batili. Haikuwahi kuwa ndoa. Ipo nyingine ambayo wanasheria wetu huiita batilifu, kwa mfano ambapo mmoja hakuwa na uwezo wa kuitimiza kitandani: hiyo ni halali mpaka mahakama iitangue. Talaka ni jambo la tatu kabisa, maana huvunja ndoa iliyokuwa nzima. Mwandishi wa habari anayeandika "mahakama yafuta ndoa" kwa hali zote tatu amewanyima wasomaji habari yenyewe.

Uchaguzi nao unatupa mifano miwili. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kufuta uchaguzi wa siku tatu nyuma, nao ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilitamka kwamba uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti ulikuwa batili. Anayeandika "kufutilia mbali" kwa yote mawili anayafananisha, wakati moja lilikuwa tangazo la msimamizi wa uchaguzi na jingine hukumu ya majaji waliosikiliza pande zote. Tume inaweza kutangaza kufuta. Kubatilisha kunahitaji mwenye mamlaka ya kusema lipi halali.

Yasiyofika mahakamani yana maneno yake. Safari ambayo haitakuwepo imeghairiwa. Iliyosogezwa hadi Jumanne imeahirishwa, na abiria ana haki ya kuambiwa ipi ni ipi. Kwenye simu zenye Kiswahili, "Ghairi" husimamisha usilolifanya bado na "Tendua" hurudisha nyuma ulilokwisha kufanya. Watafsiri wa programu wamefanya kazi nzuri kuliko wahariri wengi wa magazeti.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini Tanzania. Ninyi mnaotafsiri sheria hizo, futa ibaki kwa "repeal", ambako imeshazoeleka; "revoke" ipeni tengua, "annul" ipeni batilisha, na msikubali mhariri azirudishe zote kwenye futa kwa madai kwamba wananchi hawataelewa.