Gita la dumu nililompokonya mwanafunzi

Najua nimepotea, kuna wengine walishaanza kusema nimevuka Songwe nikahamia Malawi moja kwa moja. Nilikuwa fildi jamani, wiki nane za kufundisha huku nyumbani Kyela. Nimerudi kampasi juzi na kilo ishirini za mchele, na msije chumbani kwangu kuuliza, umeshakwisha. Leo siongelei bumu wala mitihani. Leo naandika historia, maana ndiyo ninayosomea, na maana kuna kitu kimenikaa rohoni.

Wiki yangu ya tatu nilikuwa mwalimu wa zamu. Wenzake wako kwenye usafi, kijana mmoja wa kidato cha pili nikamkuta nyuma ya darasa anapiga gita. Mwili wa gita ni dumu la mafuta ya kula la lita tano, shingo ya mbao, nyuzi nne. Nikamnyang'anya. Si mnajua tena mwalimu wa fildi, kila mtu anakupima, ukilegea siku moja umekwisha. Nikalitupa stoo pamoja na simu na kofia zilizokamatwa. Mwalimu mmoja akaniambia vitu vyote vya stoo vinachomwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nikasema sawa.

Kijana hakulia wala hakubisha. Ila kesho yake hakuja shule. Keshokutwa pia hakuja.

Shangazi ninayekaa kwake akanicheka: "Yule si mjukuu wa fundi magita, njia ya Matema! Umejitafutia." Jumamosi nikapanda bodaboda hadi Ipinda, halafu nikapata gari la watu waendao gulioni Lyulilo, wanakouza vyungu vya Wakisi. Nikashuka njiani. Nikamkuta mzee chini ya mwembe, anapiga randa.

"Mugonile, tata."

"Ndaga. Wewe ndiye mwalimu wa gita?"

Nikajua nimepatikana. Lakini mzee hakunigombeza. Alinipa kigoda, akanionyesha ukutani. Wadau, yalikuwa magita saba yananing'inia, hakuna mawili yanayofanana! Moja la mninga, limepigwa msasa mpaka linateleza. Moja la debe. Moja refu kama mtu, uzi mmoja tu, la kupigia besi. Vyuma vya shingoni ni spoku za baiskeli zilizokatwa. Nyuzi nene ni waya wa breki uliosokotolewa, nyembamba ni mshipi wa kuvulia samaki. Na hatengenezi la kuuza tu dukani, hapana. Mteja anakuja, mzee anampima kiganja kwa kamba kama fundi suti, ndipo anachonga shingo. La kwaya ya kanisani alilitengenezea shingo nyembamba kwa sababu mpigaji alikuwa na vidole vifupi.

Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema, "Kitwe."

Hapo ndipo historia ilipoanza kunizaba makofi. Tumesoma wote habari za vibarua wa kikoloni, tumezikariri kwa ajili ya mtihani, tukazisahau. Vijana wa Kinyakyusa kutafuta kodi ya kichwa na ng'ombe wa mahari walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, hasa miaka ya 1930. Wengine wakavuka Tunduma hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Wengine Wenela waliwapeleka migodi ya Afrika Kusini, mpaka baada ya uhuru wa 1961 serikali ya Tanganyika ilipoufunga mlango huo. Kwenye daftari langu hao ni "labour reserves", maneno mawili basi. Sikuwahi kujiuliza walirudi na nini mkononi.

Mzee huyu alirudi na gita. Alikwenda Kitwe mwaka 1958 akiwa kijana mdogo, akalinunua kwa mshahara wa miezi kadhaa. Na fikirieni alikuwa wapi. Ng'ambo tu ya mpaka, Katanga, kulikuwa na Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, siku hizi Likasi. Bosco alipiga gita moja ukadhani yako mawili, na akaimba kwa Kiswahili! Mzee anasema wachimbaji wa kwetu walijiona wakubwa, maana wao walielewa maneno.

Magita ya bei rahisi ya miaka ile mengi yalitoka Afrika Kusini, kampuni ya Gallo, yakiitwa Gallotone. Hata John Lennon wa Beatles alianza na Gallotone Champion, ndilo alilopiga siku aliyokutana na Paul McCartney, Julai 1957. Mwaka 1999 gita hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya paundi 100,000. Basi gita la kibarua likiwa la Lennon linawekwa kwenye kioo. Likiwa la mwanafunzi wa Kyela linawekwa stoo likisubiri kiberiti, na aliyeliweka ni mimi, mwalimu wa historia mtarajiwa.

La mzee lilivunjika shingo miaka ya mwanzo ya uhuru. Kitwe harudi tena, dukani hakuna. Akalifungua vipande vipande, akapima kila ubao, akachonga lake. Hivyo ndivyo ufundi ulivyoanza pale: njia ya kwenda kazini ilifungwa, mkono ukabaki na kumbukumbu.

Na si Kyela peke yake. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, ndugu wawili Daniel na Donald Kachamba walipiga gita na filimbi pamoja na besi ya sanduku yenye uzi mmoja, na tangu 1967 mtafiti Gerhard Kubik akawa anawarekodi. Majuzi tu, mwaka 2017, Madalitso Band kutoka Malawi walipanda jukwaa la Sauti za Busara Zanzibar na babatoni yao ya kujitengenezea, ndefu, uzi mmoja, wakaanza kuzunguka Ulaya. Nilipoliona lile gita refu la ukutani nikajua ni ndugu yake kabisa.

Jumatatu nilifika shule saa kumi na mbili na nusu. Dumu lilikuwepo stoo, uzi mmoja umekatika. Nikaenda nalo kidato cha kwanza, mada ya vyanzo vya historia, nikaliweka mezani bila kusema neno. Nikauliza: hiki kitu kimetoka wapi? Wakaanza. Mshipi, ziwani. Waya, baiskeli. Dumu, duka la Mhindi Mbeya. Vigingi, kama pegi za hema, akasema mmoja, wakamcheka. Mwishoni binti mmoja wa nyuma akauliza, "Ticha, na umbo lake limetoka wapi?" Nikawapa Kitwe. Dakika themanini zikaisha sijagusa ubao.

Mwenye gita alirudi shule Jumatano, babu yake alimleta mwenyewe. Nilimrudishia mbele ya walimu na nikamwomba radhi, na naomba mniamini, hilo ni gumu kuliko kukaguliwa na mhadhiri. Alilipokea kwa mikono miwili, akaukagua ule uzi uliokatika, akaniangalia.

"Ticha, huu utanilipa."

Nimemtumia mshipi mita tano. Bumu likitoka namwongezea waya wa breki.