Namna Miswada Inavyopimwa na Wachapishaji Wanafunzi

Katika mji wa Baltimore, Marekani, kipo Chuo Kikuu cha Loyola Maryland, kilichoanzishwa na Mapadre Wajesuiti mwaka 1852. Ndani ya idara yake ya mawasiliano hufanya kazi shirika dogo la vitabu liitwalo Apprentice House, ambalo halitafuti faida. Upekee wake ni kwamba wanaoliendesha ni wanafunzi, chini ya uongozi wa walimu wao: ndio wanaochagua miswada, kuihariri, kusanifu kurasa na majalada, na kuvitangaza vitabu. Shughuli zisizomalizika darasani huendelezwa na chama cha wanafunzi hapo chuoni.

Shirika la namna hii lina wajibu wa aina mbili, yaani kuchapisha na kufundisha. Wajibu huo huupa upimaji wa miswada sura ya pekee. Tunaeleza hapa hatua zake kuu, kadiri ya desturi njema ya kazi hii.

Mchujo

Kwa kawaida mwandishi hutuma barua ya kujitambulisha, muhtasari wa kitabu na sura chache. Wasomaji wa kwanza huuliza: Je, kazi hii ni ya aina tunayochapisha? Imekamilika? Ni ya mwandishi mwenyewe? Miswada mingi huishia hapa, mara nyingi kwa sababu tu mwandishi hakusoma maelekezo.

Usomaji

Mswada uliovuka mchujo husomwa wote, tena na zaidi ya mtu mmoja. Inafaa kila mwanafunzi asome peke yake na kuandika taarifa kabla ya kusikia maoni ya wenzake, ili mwenye sauti kubwa asiwavute wengine. Taarifa hueleza kitabu kinasema nini, kina nguvu gani, kinalegea ukurasa upi, na nani atakayekinunua. Kusema “sikukipenda” hakutoshi. Msomaji hudaiwa sababu.

Kikao

Kisha taarifa hujadiliwa kwa pamoja. Swali la uzuri huambatana na swali jingine: Je, tunaweza kukihudumia kitabu hiki? Muhula huisha na wanafunzi huhitimu, ilhali kitabu chaweza kuhitaji mwaka au zaidi. Kwa hiyo mswada mzuri unaweza kukataliwa kwa kukosa watu wa kuufikisha mwisho. Hapa pia ndipo mwalimu anapopaswa kuwa macho, maana kazi ya mtu isigeuzwe kuwa kifaa cha mazoezi. Uamuzi huwa mmojawapo kati ya mitatu: kukubali, kuomba marekebisho, au kukataa.

Jibu kwa mwandishi

Anayengoja jibu huenda amekesha miaka mingi juu ya kurasa hizo. Tunakumbuka kwamba Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 830, inamtaka mkaguzi wa maandiko aweke kando upendeleo wa watu na atoe maoni yake kwa maandishi. Na kibali kikikataliwa, mwandishi aelezwe sababu. Kazi hizi mbili hazifanani: mkaguzi hutazama mafundisho ya imani na maadili, mwanafunzi hupima kitabu kizima pamoja na soko lake. Wala mchapishaji wa kawaida hafungwi na kanuni hiyo. Hata hivyo, haki inayolindwa pale inastahili kuheshimiwa na kila anayepima jasho la mwenzake. Barua fupi yenye sababu moja ya kweli humsaidia mwandishi kuliko sifa nyingi zisizo na maana.

Kwa wale wenye miswada mkononi tunashauri mambo matatu: someni kwanza maelekezo ya mchapishaji, tunzeni nakala ya kazi yenu, na mkikataliwa, zisomeni sababu mlizopewa kabla ya kuutuma mswada kwingine.