Mwakilishwa si Mpiga Kura

Nimeletewa tafsiri ya Kiswahili ya taarifa ambayo mjumbe mmoja wa bunge la jimbo la Maine, Marekani, huwapelekea watu wa eneo lake. Ni waraka wa kawaida kabisa kule: miswada iliyofikishwa bungeni Augusta, barabara itakayofungwa kwa matengenezo, msaada wa mafuta ya kupashia nyumba joto, siku atakayokaa maktaba kusikiliza shida za watu. Mfasiri kafanya kazi nzuri mpaka alipofika kwa anayeandikiwa, yule ambaye kwa Kiingereza anaitwa *constituent*. Hapo kaandika “Wapendwa wapiga kura wangu”. Mbele kidogo mjumbe anawashukuru watoto wa shule waliokwenda kutembelea jengo la bunge, nao wamegeuka kuwa “wapiga kura wangu wadogo wa darasa la nne”.

Simlaumu mfasiri. Kaokota neno aliloachiwa na waliokabidhiwa kazi ya kuunda istilahi, ambao kwa miaka mingi wameona inatosha kumwita kila aliye chini ya mbunge “mpiga kura” na kufunga faili. Neno hilo si baya. Ni la mtu mwingine. Kura tumeipata kwa Waarabu, na asili yake ni ile ya kupigiwa bahati, kama wagawavyo ndugu mashamba ya urithi ili asinung'unike mtu. Baadaye ikahamia kwenye sanduku la uchaguzi. Popote ilipo, mpiga kura ni mwenye tendo: yule aliyekwenda kituoni akapiga. Aliyebaki nyumbani si mpiga kura, na asiye na haki ya kupiga ndiyo kabisa.

Sasa tazameni anaowaandikia mjumbe huyu. Baraza la chini la Maine lina viti 151, na kwa sensa ya 2020 kila kiti kinabeba watu wapatao 9,000. Hao 9,000 wanahesabiwa kichwa kwa kichwa, mtoto mchanga ndani, mgeni asiye raia ndani. Mwaka 2016, katika shauri la Evenwel dhidi ya Abbott lililotoka Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwa kauli moja kwamba jimbo linaweza kugawa maeneo ya uchaguzi kwa idadi ya wakazi wote, wawe na haki ya kupiga kura au wasiwe nayo. Na huko Maine wapo Waswahili wetu. Kiangazi cha 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland kwa mfululizo hata mji ukawalaza katika ukumbi wa michezo. Mama wa Kikongo anayengoja kesi yake ya hifadhi akisoma “Wapendwa wapiga kura wangu” ataikunja karatasi, kwa kuwa imemwambia waziwazi kwamba haimhusu. Kumbe ndani yake mna habari ya shule ya mwanawe na ya mafuta ya nyumba anayopanga.

Wapo waliopendekeza “mwananchi”. Huyo mama nchi yake ni nyingine, na yeye ni wa kwanza kulijua hilo. Wapo pia, na hawa wana sauti kubwa vikaoni, wanaoshikilia “mwanajimbo”. Ningependa waniambie ni jimbo lipi. Kwa Mtanzania jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Kwa Mkongo ni Kivu Kusini nzima. Mkenya, ambaye eneo la mbunge analiita eneo bunge, akisikia majimbo anakumbuka serikali za majimbo za katiba ya 1963. Mkatoliki anamfikiria askofu wake. Na tukizungumzia Marekani, jimbo ni Maine yote, kwa hiyo “wanajimbo” wa mjumbe mmoja kati ya 151 watakuwa watu zaidi ya milioni moja na laki tatu. Neno linalobadilika maana kila likivuka mpaka halifai kuwa istilahi.

Neno ni *mwakilishwa*, wingi *wawakilishwa*. Mzizi wake ni ule ule wa Kiarabu uliotupa wakili na wakala, na tawakali, yaani kumwachia Mungu jambo lako. Maana inayopita kote humo ni kukabidhi kwa imani. Ndoa za Kiislamu zinafungwa kwa wakili kila siku huku kwetu: walii ana udhuru, anamweka mwingine badala yake, na neno la huyo linakuwa neno lake. Katika hilo hamna kura hata moja, lakini uwakilishi umetimia.

Nitajibiwa, kama nilivyokwisha jibiwa na bwana mmoja mwenye cheo katika mambo haya, kwamba -wakilisha kwa umbo lake ni kumfanya mtu awe wakili, kwa hiyo mwakilishwa angekuwa mjumbe mwenyewe. Hoja hiyo ina elimu ndani yake, lakini imechelewa. Wasemaji walikwisha amua zamani kwamba mwakilishi ni yule anayesimama badala ya wengine. Zanzibar wanalo Baraza la Wawakilishi tangu 1980, na kila mtu Unguja na Pemba anamjua mbunge wake anayekwenda Dodoma na mwakilishi wake anayekwenda Chukwani. Ukishamkubali mwakilishi, mwenzake anakuja mwenyewe: mwajiri na mwajiriwa, mdai na mdaiwa, mtahini na mtahiniwa, mfadhili na mfadhiliwa. Hiyo ni sarufi ya Kiswahili inayofanya kazi yake bila kuitiwa kikao.

Pendekezo hili niliwahi kulipeleka mbele ya jopo fulani, kwa maandishi, na mifano yake. Lilirudi na sababu moja: neno halijazoeleka. Ningeomba nionyeshwe istilahi iliyozoeleka kabla ya kutumiwa. Mtahiniwa naye alikuwa mgeni siku moja, na leo kila mtoto wa kidato cha nne analisoma kwenye karatasi ya mtihani bila kuuliza. Wengine walisema “wawakilishwa” linakwaza ulimi kwa w zake. Mbona hawakukwazwa na “wawakilishi”?

Matumizi hayahitaji maelezo mengi: *taarifa ya mwakilishi kwa wawakilishwa wake*, *haki za mwakilishwa*, *mwakilishwa ana shida ya leseni*. Wanapotajwa walioshiriki uchaguzi, na hao tu, waitwe wapiga kura.

Nawaomba wafasiri wa Portland, Lewiston, na popote pengine zinakogawiwa nyaraka hizi kwa Kiswahili, wasingoje kibali cha jopo. Waraka ujao wauanze kwa “Ndugu Wawakilishwa”, na wale watoto wa darasa la nne waitwe wanafunzi.