Vipimo vya Utimamu wa Mwili kwa Wanariadha wa Mbio Ndefu: Kutoka Theluji ya Nagano hadi Mchanga wa Msimbati

Utimamu wa mwili kwa mwanariadha wa mbio ndefu ni uwezo wa moyo, mapafu, damu na misuli kufanya kazi nzito kwa muda mrefu bila kuelemewa. Uwezo huo hauonekani kwa macho. Kijana mwembamba mwenye miguu mirefu anaweza kuishiwa pumzi mapema, na mwenzake asiye na umbo la mkimbiaji akaendelea. Ndiyo maana nchi zilizopiga hatua katika michezo hupima badala ya kukisia, na mchezo ambao upimaji wake umefika mbali zaidi ni mmoja ambao Mtanzania hakutani nao kwa urahisi: mbio za nyika za ski, yaani mbio ndefu za kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba zilizofungwa miguuni, huku mshindani akijisukuma kwa fimbo mbili.

Mchezo huo hutumia mwili mzima kwa wakati mmoja. Miguu husukuma, na mikono, mgongo na tumbo hufanya kazi sawasawa nayo. Wakazi wa pwani ya kusini hawahitaji theluji ili kuelewa jambo hili. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa upondo katika mikono ya maji yenye mikoko, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, huinamisha kiwiliwili chote juu ya upondo, akasukuma, akainuka na kurudia. Mwanamichezo wa ski anapojisukuma kwa fimbo zote mbili hufanya tendo linalofanana sana na hilo, ila kwa kasi kubwa na kupanda milima.

Kipimo kikuu ni kiwango cha juu cha utumiaji wa oksijeni. Mwanamichezo huvishwa barakoa inayokusanya hewa anayovuta na kutoa, kisha hukimbia kwenye mashine ambayo kasi au mwinuko wake huongezwa hatua kwa hatua hadi asiweze kuendelea. Matokeo huandikwa kwa mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa dakika. Vijana wa kiume wasiofanya mazoezi maalumu huwa kati ya 40 na 50 hivi, ilhali wanaume bora wa ski huvuka 80 na wanawake bora huvuka 70. Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa wa Olimpiki mara nane, hutajwa mara nyingi kuwa alifikia 96.

Kipimo cha pili ni cha lakteti, kemikali inayoongezeka katika damu misuli inapofanya kazi kwa kasi ambayo mwili hauwezi kuihimili kwa muda mrefu. Tone la damu huchukuliwa kwenye ncha ya kidole au ndewe la sikio kila baada ya hatua. Kwa kocha wa mbio ndefu kipimo hiki pengine kina manufaa kuliko cha kwanza, kwa kuwa humwonesha kasi ambayo mwanariadha anaweza kuishikilia kwa saa nzima, si kasi ya dakika chache za mwisho.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba wanamichezo wa ski hawapimwi kwa kukimbia pekee. Hupimwa pia wakiwa wamevaa ski zenye magurudumu juu ya mashine, au wakivuta kamba za mashine inayoiga msukumo wa fimbo. Sababu yake ilidhihirika kupitia Mwana Afrika Mashariki. Mwaka 1996 Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Kenya, alipelekwa Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok kwa ufadhili wa kampuni ya Nike ili kujifunza ski. Tarehe 12 Februari, 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japani, Boit alishiriki mbio za kilomita 10. Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alimaliza wa 92, akiwa wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5, na bingwa huyo alikuwa bado anamsubiri mwishoni mwa njia ili amkumbatie.

Dakika 20 hizo zisisomwe kuwa upungufu wa pumzi tu. Miaka mitatu kabla ya Nagano, timu ya watafiti iliyoongozwa na Bengt Saltin wa Sweden ilichapisha matokeo ya kuwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Kiwango cha juu cha oksijeni hakikutofautiana sana kati ya mabingwa wa pande hizo mbili. Tofauti ilikuwa katika matumizi: Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi kukimbia kwa kasi ileile. Ubana matumizi huo hujengwa na maelfu ya saa za kurudia tendo moja, na mkimbiaji hauhamishii kwenye theluji, kama vile bingwa wa ski hauleti kwenye barabara ya Iten. Boit hakukata tamaa. Alirejea katika Olimpiki za mwaka 2002 na 2006.

Kwa Mkoa wa Mtwara suala hili si la mbali kama linavyoonekana. Majina makubwa ya riadha ya Tanzania yametoka zaidi katika nyanda za juu za kaskazini na kati: John Stephen Akhwari wa Mbulu, Filbert Bayi wa Karatu na Alphonce Simbu wa Singida, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025. Ni rahisi kuhitimisha kwamba kijana wa usawa wa bahari hana nafasi. Hata hivyo Trondheim, mojawapo ya vituo vikuu vya Norway vya utafiti wa mbio za ski, ni mji wa bandari. Mwinuko husaidia, lakini kijana asiyepimwa hawezi kujulikana hata akiishi mlimani.

Upimaji wa awali hauhitaji maabara. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, alichapisha kipimo cha kukimbia kwa dakika 12 na kupima umbali. Umbali huo kwa mita hupunguzwa 504.9, kisha jibu hugawanywa kwa 44.73. Anayekimbia mita 2,400 hukadiriwa kuwa na 42, na anayefika mita 3,000 hukadiriwa kuwa na takribani 56. Vifaa vinavyohitajika ni saa, filimbi na uwanja uliopimwa. Shule yenye eneo dogo inaweza kutumia mbio za kwenda na kurudi za mita 20, zilizobuniwa nchini Kanada na Luc Léger, ambapo kasi huanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezwa nusu kilomita kila dakika.

Ufukwe wa Msimbati unahitaji tahadhari ya pekee. Kukimbia kwenye mchanga laini hugharimu nguvu takribani mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu, hivyo hesabu ya Cooper ikitumiwa hapo humwonesha kijana kuwa dhaifu kuliko alivyo. Mchanga uliolowa na kushikana wakati maji yamekupwa ni afadhali, lakini upana na ugumu wake hubadilika kati ya bamvua na maji mafu. Kocha asiye na uwanja mwingine anaweza kuutumia kwa kumlinganisha kijana na nafsi yake tu, kwa hali ileile ya maji na saa ileile. Asichukue namba ya Msimbati kuilinganisha na ya kijana aliyekimbia Uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Joto nalo hupotosha. Katika hewa nzito ya pwani moyo hupiga kwa kasi zaidi kwa kazi ileile, kwa kuwa sehemu ya damu hupelekwa kwenye ngozi ili kupooza mwili. Upimaji ufanyike alfajiri, maji ya kunywa yakiwa karibu, na usimamishwe mara moja mtu anapoyumba, kuchanganyikiwa au kuacha kutoka jasho.

Wazazi na walezi wanapaswa kufahamu kwamba vipimo hivi vinamfikisha kijana ukomo wa nguvu zake, na hapo ndipo hitilafu ya moyo iliyojificha inaweza kujitokeza. Kabla ya kupimwa, kijana aulizwe kama amewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua akiwa mazoezini, na kama yupo ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa na umri mdogo. Jibu la ndiyo kwa swali lolote linamaanisha hospitali kwanza, kwa kipimo cha umeme wa moyo, na uwanja baadaye. Aliyetoka kuugua malaria au mwenye homa asipimwe siku hiyo, hata kama uteuzi wa timu ya UMISSETA ni kesho yake.

Matokeo yaandikwe katika daftari la shule au klabu yakiwa na tarehe, saa, aina ya ardhi na hali ya hewa, kisha kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane za mazoezi. Mwenye 48 anayepanda hadi 53 katika kipindi hicho anastahili kuangaliwa kwa makini kuliko aliyebaki kwenye 55.